Tabianchi, Vita na Wakimbizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila ukame unapotangazwa na kila kambi inapofurika. Huulizwa na wanafunzi, na wenyeji wa Garissa au Kasulu wanaoishi jirani na kambi, na watu walio ughaibuni wanaotuma pesa kwa ndugu waliobaki nyuma. Mifano mingi hapa ni ya Somalia na kaskazini mwa Kenya, kwa sababu huko vita na ukame vimeandamana kwa zaidi ya miaka 30. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, utapewa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mkimbizi, mwomba hifadhi na mkimbizi wa ndani wanatofautianaje?

Mkimbizi amevuka mpaka wa nchi yake kwa kuhofia mateso au maisha yake, na nchi yake haiwezi au haitaki kumlinda. Msingi wa sheria yake ni Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na kwa Afrika kuna mkataba mwingine wa 1969 (tazama swali la 13). Mwomba hifadhi naye amevuka mpaka na ameomba ulinzi, ila ombi lake halijaamuliwa. Mkimbizi wa ndani amekimbia nyumba yake lakini bado yumo ndani ya nchi yake.

Wengi hudhani huyu wa ndani ana nafuu kwa kuwa yuko kwao. Mara nyingi ni kinyume chake. Anaweza kuwa bado mikononi mwa serikali iliyomshindwa, au umbali mfupi tu kutoka kwa kundi lenye silaha alilolikimbia, na mashirika ya misaada hayamfikii kwa urahisi.

2. Ukame si umekuwepo tangu enzi za mababu? Kipya ni nini?

Umekuwepo, na wafugaji wa Pembe ya Afrika wanaujua kuliko mtu yeyote. Kipya ni jinsi unavyorudi upesi, na joto linaloandamana nao. Mfugaji aliyepoteza nusu ya mifugo yake alihitaji miaka kadhaa ya mvua nzuri ili wanyama wazaliane tena. Miaka hiyo sasa haipatikani. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, walieleza kuwa mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame wa namna ile kwa angalau mara 100. Joto lilikuwa na mchango mkubwa: hata mvua kidogo iliyonyesha ilikauka kabla haijamfaa mtu wala mnyama.

Mwishoni mwa 2023 mambo yakageuka. El Niño ilikutana na maji yenye joto magharibi mwa Bahari ya Hindi, mvua ikamwagika juu ya ardhi iliyokakamaa isiyonyonya maji. Mto Shabelle ukaifunika Beledweyne, mji wa Somalia uliokuwa umeshafurika Mei mwaka huohuo na kuwahamisha watu wapatao 200,000.

3. Kwa hiyo kinachowafukuza watu ni vita au ukame?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Jibu langu ni kwamba ukitafuta chanzo kimoja hutakipata, na ukilazimisha utawakosea watu haki. Ukame humwondolea mfugaji mifugo. Vita humwondolea njia za kuokoka ukame.

Tazama jinsi inavyokuwa katika familia moja ya wafugaji. Ng'ombe ndio hufa kwanza, halafu kondoo na mbuzi, ngamia mwisho. Katika hali ya amani, familia haisubiri ifike huko. Vijana huswaga wanyama hadi malisho ya mbali. Mama na watoto wadogo hubaki karibu na kisima pamoja na mbuzi wachache wa maziwa. Mzee huuza madume sokoni mapema, bei ingali nzuri, akanunua mtama na mafuta. Jamaa wenye hali nzuri huazima ngamia wa kukamuliwa, na deni hilo hulipwa mvua ikirudi, hata kama ni baada ya miaka.

Sasa weka vita hapo. Njia ya malisho ina kizuizi, na wenye bunduki wanadai kodi ya wanyama au wanamtaka kijana mwenyewe. Barabara ya sokoni imetegwa mabomu. Mfanyabiashara wa mtama haji tena. Malisho ya upande wa pili yako mikononi mwa watu ambao ukoo wako una kisasi cha damu nao. Familia inabaki palepale ikihesabu mizoga, na ikishauza mnyama wa mwisho kwa bei ya kutupa inaondoka kwa miguu. Ukimuuliza mama huyo akifika mpakani amekimbia nini, atakujibu njaa. Ukimuuliza kwa nini hakuhamia malisho mengine kama bibi yake alivyofanya, ndipo atakapoanza kueleza habari za bunduki.

Mwaka 2011 jambo hili lilionekana mchana kweupe. Ukame ulikumba Somalia, Ethiopia na Kenya kwa pamoja, lakini baa la njaa lilitangazwa Somalia peke yake, tarehe 20 Julai 2011, kuanzia Bakool kusini na Shabelle ya Chini. Al-Shabaab, waliokuwa wameshika maeneo hayo, walikuwa wamepiga marufuku mashirika mengi ya misaada. Sheria za Marekani dhidi ya ugaidi nazo ziliyatia hofu mashirika yaliyotaka kupeleka chakula huko. Watu karibu 260,000 walikufa, na nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mvua iliyokosekana ilikosekana pande zote za mpaka. Kilichotofautiana ni nani aliyeweza kufikiwa na nani aliyeachwa.

4. Je, vita navyo huharibu mazingira?

Ndiyo, na huku ndiko watu husahau kutazama. Chukua mto Shabelle. Kabla ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, kulikuwa na milango ya maji na mifereji iliyopunguza nguvu za mto. Miaka ya vita imeiacha bila matengenezo. Wakulima, kwa kukosa mifereji, hutoboa kingo za mto wakati wa kiangazi ili wapate maji ya shamba. Mvua kubwa ikija, mto hupitia matundu hayohayo na kuwafuata nyumbani. Mvua hiyohiyo ingekuwa na madhara madogo zaidi kama milango ile ingekuwa inafanya kazi.

Kisha kuna makaa. Misitu ya mikakaya ya kusini mwa Somalia ilikatwa, ikachomwa, na makaa yakasafirishwa kutoka Kismayo kwenda nchi za Ghuba. Al-Shabaab walijipatia fedha nyingi kwa biashara hiyo, hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaipiga marufuku Februari 2012. Mti uliokatwa hapo ulikuwa kivuli na lishe ya ngamia wakati wa ukame.

Na nzige wa 2019 na 2020 je? Vimbunga viwili vya mwaka 2018, Mekunu na Luban, viliacha madimbwi katika jangwa la Rub al-Khali, kwenye mipaka ya Oman, Saudia na Yemen. Nzige wakazaliana humo pasipo mtu kuwaona. Walipoingia Yemen, vita vilizuia kazi ya kunyunyiza dawa. Walipovuka kuja Somalia, wataalamu hawakuweza kufika sehemu nyingi. Kenya ikawapokea Desemba 2019, uvamizi mbaya kuliko wowote kwa miaka 70.

5. Tunazungumzia watu wangapi?

Kufikia mwisho wa 2024, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilihesabu watu milioni 123.2 duniani waliolazimika kuhama kwa vita, mateso na ukatili. Robo tatu ya watu wa namna hii wanaishi katika nchi zinazoathirika sana na tabianchi. Shirika hilohilo limesema kuwa majanga ya hali ya hewa yamesababisha uhamaji wa ndani mara milioni 220 katika miaka kumi. Hapo zimehesabiwa safari, si vichwa: familia iliyohama mara tatu imehesabiwa mara tatu.

## Njiani na kambini

6. Mbona wengi hawavuki mpaka?

Kwa sababu safari ina gharama. Aliyepoteza kila kitu hana nauli, na kutembea wiki nzima na watoto ni hatari kubwa. Wengi huishia mji wa karibu ulio chini ya serikali. Kufikia Agosti 2022 ukame ulikuwa umewahamisha watu zaidi ya milioni moja ndani ya Somalia, na makumi ya maelfu walikusanyika Baidoa, mji ambao vijiji vinavyouzunguka vilishikwa na Al-Shabaab. Huko wanajenga buul, kibanda cha fito kilichofunikwa kwa vitambaa na maturubai, juu ya kiwanja cha mtu binafsi. Bei ya ardhi ikipanda, mwenye kiwanja huwaondoa, hivyo watu waliohamishwa na ukame huhamishwa tena na tingatinga.

7. Akishafika kambini, si amesalimika?

Amesalimika na risasi, ndiyo. Na hilo si dogo. Lakini hali ya hewa iliyomtoa kwao ipo huku pia.

Kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, zilianzishwa 1991 kwa ajili ya watu 90,000. Baada ya ukame wa 2011 zilikuwa na zaidi ya 450,000. Ziko katika tambarare isiyo na mteremko wa kupeleka maji popote. Mvua kubwa ikinyesha, maji husimama. Yakisimama, vyoo vya shimo hujaa na kumwaga, uchafu huelea hadi kwenye vibanda, na madumu ya maji ya kunywa yako palepale chini. Kipindupindu kiliingia kambini mwishoni mwa 2022, wakati wageni waliokimbia ukame walikuwa wamejenga pembezoni mwa kambi ambako hapakuwa na vyoo vya kutosha wala mabomba.

Kisha mafuriko yakaja mwishoni mwa 2023, na tena masika ya 2024. Mei 2024 UNHCR ilisema karibu watu 20,000 walihama ndani ya kambi za Dadaab kwa sababu ya maji, maelfu wakilala madarasani. Wengi wao walikuwa wamefika katika miaka miwili iliyotangulia, wakikimbia ukame wa Somalia. Rudia sentensi hiyo kichwani: watu waliofukuzwa na ukosefu wa maji walifukuzwa na maji.

Barabara ya kutoka Garissa nayo hukatika kwa mafuriko. Malori ya chakula na dawa husimama, bei za maduka ya kambini hupanda, na mama mjamzito anayehitaji upasuaji hana pa kupitishwa.

Upande wa kambi ya Kakuma, Turkana, shida ya kila siku ni joto. Nyumba ya bati mchana haikaliki, kwa hiyo watu hukaa nje ya nyumba zao hadi jua lizame. Foleni ya maji huanza alfajiri. Mto Tarach ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha milimani unashuka kwa ghafla na kuzoa nyumba zilizo kando yake.

8. Nani aliamua kuweka kambi sehemu kama hizo?

Serikali zinazopokea wakimbizi, pamoja na UNHCR, na mara nyingi kwa haraka wakati watu wameshafurika mpakani. Ardhi inayotolewa ni ile isiyogombaniwa na wakulima wala wapiga kura wengi: kavu, mbali na miji, karibu na mpaka. Kambi inapangwa kuwa ya muda. Kwa sababu ni ya muda, hakuna anayechimba mitaro ya maana ya kuondolea maji wala kujenga nyumba imara, na mara nyingi ni marufuku kujenga kwa vifaa vya kudumu. Muda huo umepita miaka 30, kwani Dadaab ilianza 1991 na Kakuma 1992, na watoto waliozaliwa humo sasa wana watoto wao.

Kwa maoni yangu hapa ndipo lawama nyingi zinapostahili kuwekwa. Mvua haikuchagua mahali pa kambi.

9. Ni kweli kwamba wakimbizi wanamaliza misitu?

Ni kweli kwamba maelfu ya familia zinazopika kwa kuni mahali pamoja humaliza miti iliyo karibu. Hilo halifichiki, na mwenyeji anayelalamika anasema kweli. Ila uliza kwa nini wanapika kwa kuni. Mgao huja na maharage na nafaka kavu ambazo huchemka kwa saa nyingi, na mara nyingi huja bila nishati ya kupikia. Katika kambi nyingi mkimbizi haruhusiwi kutoka kufanya kazi apate pesa za gesi. Tanzania, kwa mfano, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, hapaswi kwenda zaidi ya kilomita nne nje ya kambi bila kibali.

Kazi ya kuni ni ya wanawake na wasichana. Wanatoka asubuhi wakiwa kundi, kwa sababu kwenda peke yako ni kujihatarisha: wapo waliopigwa, waliobakwa, walionyang'anywa panga na kuni. Miti ya karibu ikiisha, safari inarefuka na hatari inakua nayo. Ukame ukikausha vichaka, kadhalika. Kwa hiyo mtu anapoliita suala la kuni "mazingira" tu, mwambie ni suala la usalama wa wanawake vilevile.

Yapo yanayosaidia: majiko banifu, gesi kama ilivyojaribiwa kwa baadhi ya familia za Nyarugusu, na kaskazini mwa Kenya kuvuna mathenge, mti wa kigeni uliovamia malisho na mabonde ya mito, badala ya miti ya asili. Lakini jiko banifu bila kuni wala pesa ya mkaa ni chombo tu.

10. Na wenyeji? Mbona misaada yote ni ya wakimbizi?

Malalamiko haya ni ya haki zaidi kuliko wafadhili wanavyopenda kukiri. Mturkana au Msomali wa Garissa amepigwa na ukame uleule. Kati ya 2020 na 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Mwenyeji akitazama, ng'ambo ya uzio kuna kisima, zahanati na mgao; upande wake hakuna. Ugomvi wa kuni, malisho na maji huanzia hapo.

Hata hivyo kambi pia huleta soko. Mwenyeji huuza mbuzi, maziwa, kuni na makaa. Kalobeyei, jirani na Kakuma, ilianzishwa kwa nia kwamba shule, hospitali na maji vitumiwe na wote. Na mgao wenyewe si wa kuonea wivu: mwaka 2025, fedha za Mpango wa Chakula Duniani (WFP) zilipokatwa, chakula kwa wakimbizi wa Kenya kilishuka hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini anachohitaji mtu. Chakula kilipopungua, duka la mwenyeji aliyekuwa akikopesha wakimbizi kwa kutegemea Bamba Chakula, vocha ya chakula inayotumwa kwa simu, nalo liliyumba.

## Nje ya Kenya na Somalia

11. Burundi na Congo wana hali gani?

Gatumba, karibu na Bujumbura, ilifunikwa na mto Rusizi Aprili 2020, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza makazi. Baada ya hapo Ziwa Tanganyika limepanda mara kadhaa na kuwarudisha watu kwenye mahema. Wengi wa wakimbizi wa ndani wa Burundi leo wamehamishwa na majanga, si vita.

Ng'ambo ya mto huohuo kuna Kivu Kusini. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 walipoteka Goma na kisha Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walikimbilia Burundi, baadhi wakiogelea Rusizi uliojaa, na wengi wakalundikwa katika uwanja wa mpira wa Rugombo msimu wa mvua. Mto uliowafurusha Warundi ndio uliogeuka njia ya kuokoka ya majirani zao.

12. Kuna mahali ambapo kimbunga na vita vilikutana moja kwa moja?

Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mashambulizi ya wanamgambo yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth kikapiga pwani hiyohiyo Aprili 2019, na Kimbunga Chido kikapiga Mecúfi Desemba 2024, kikang'oa mahema na nyumba za fito za watu waliokuwa wamekimbia vita. Wapo waliovuka Ruvuma kuingia Mtwara, ambako wana ndugu na wanaelewana lugha. Mwaka 2021 UNHCR ilieleza wasiwasi kwamba maelfu walikuwa wakirudishwa.

Sudan Kusini kuna Bentiu. Tangu mafuriko ya 2021 wakimbizi wa ndani huko wanaishi nyuma ya kuta za udongo, usawa wa maji nje ukiwa juu kuliko sakafu za nyumba zao. Pampu zikisimama au ukuta ukibomoka, hakuna pa kukimbilia.

## Sheria

13. Je, kuna hadhi ya "mkimbizi wa tabianchi"?

Kisheria, hapana. Mkataba wa 1951 unataja mateso kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Ukame haumo.

Lakini mlango haujafungwa kabisa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamtambua pia anayekimbia matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Pale ukame unapoandamana na vita, utawala kuporomoka na njaa, mtu anaweza kuingia humo. Katika uamuzi uliotangazwa Januari 2020, wa shauri la Ioane Teitiota wa Kiribati dhidi ya New Zealand, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikataa ombi lake, ila ikakubali kwamba madhara ya tabianchi yanaweza kufikia kiwango cha kuizuia nchi kumrudisha mtu anakotoka. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki nayo ilitoa maoni yanayogusa wajibu huo.

14. Nikiwa mbele ya afisa wa usajili, nikisema nilikimbia njaa, nitakataliwa?

Hakuna anayeweza kukuahidi matokeo. Ila wengi hujipunja kwa kusema neno moja. Mtu anasema "njaa" kwa sababu ndiyo aliyoisikia tumboni siku ya kuondoka, na anaacha kutaja mtoto aliyetakiwa na wanamgambo, kodi ya mifugo, kisima kilichozuiwa kwa ukoo wake. Hayo yote ni sehemu ya sababu (swali la 3). Eleza mwanzo hadi mwisho, ukweli mtupu, usiongeze wala usipunguze, na omba mkalimani unayemwelewa. Msaada wa sheria kambini ni bure. Anayekudai pesa ili akusajili anakuibia.

Kwa Wasomali walio Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2016 Kenya iliacha kuwatambua kwa pamoja kama kundi, kwa hiyo kila mmoja huamuliwa peke yake. Usajili Dadaab ulisimama kwa miaka, na wengi waliofika wakati wa ukame walikaa bila kadi, yaani bila mgao, hadi ulipoanza tena 2023.

15. Mfugaji anayevuka mpaka na wanyama wake wakati wa ukame ni mkimbizi?

Kwa kawaida hapana, na mara nyingi hataki kuwa. Anataka malisho na kurudi. Itifaki ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ya uhuru wa kusafiri inasema nchi wanachama ziwaruhusu watu wanaokimbia majanga kuingia na kubaki hadi hatari ipite. Ikitekelezwa kweli, familia nyingi zingeokoka zikiwa bado na mifugo yao, bila kufika kambini. Ningependa kuona nguvu zaidi zikiwekwa hapa kuliko kwenye mahema.

16. Wakimbizi wa ndani wanalindwa na nini?

Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012. Unazitaka nchi ziwalinde pia waliohamishwa na majanga ya asili, na unataja mabadiliko ya tabianchi kwa jina.

## Pesa, kurudi, na mambo yenye utata

17. Zile fedha za tabianchi zinazotangazwa kila mwaka zinawafikia?

Kidogo mno. Kwa hesabu zilizotolewa na UNHCR mwaka 2024, nchi dhaifu kabisa hupata takriban dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka za kujihami na tabianchi. Nchi zisizo dhaifu hupata dola 161. Na zinazofika, zaidi ya asilimia 90 huishia miji mikuu. Wafadhili hukwepa penye vita kwa kuogopa hasara, na penye vita ndipo penye waliohamishwa wengi. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022, unagusa uhamaji pia, lakini fedha zilizoahidiwa ni ndogo kwa mzigo uliopo.

Pesa ikifika mapema inaokoa. Mwaka 2022 baa la njaa lilitabiriwa Baidoa na Burhakaba. Misaada iliongezwa na baa halikutangazwa. Hata hivyo makadirio yanasema watu 43,000 walikufa Somalia mwaka huo kwa sababu ya ukame, nusu wakiwa watoto wadogo. Ni wachache kuliko 2011, na ni wengi mno.

18. Mvua zimerudi. Mbona hawarudi makwao?

Kwa sababu mvua haileti mbuzi. Mtu asiye na mnyama hata mmoja akirudi malishoni anarudi kufanya nini? Shamba linaweza kuwa limeshikwa na mwingine, na waliomfukuza bado wapo. Watoto wameanza shule. Zaidi ya Wasomali 80,000 walirudi kutoka Dadaab kwa hiari kuanzia mwishoni mwa 2014, na wapo waliorejea kambini ukame wa 2016 na 2017 ulipowakuta hawana mtaji. Anayesema hawa wamezoea vya bure ajiulize kama yeye angewapeleka wanawe huko.

19. Mimi ni Mkenya, lakini alama zangu za vidole zimo katika orodha ya wakimbizi. Nifanyeje?

Hali hii inawahusu maelfu ya watu wa Garissa na kaunti jirani. Nyakati za ukame, wazazi Wakenya waliokuwa wamepoteza mifugo waliwaandikisha watoto wao kambini ili wapate chakula, kwa kuwa nje ya kambi hakukuwa na msaada. Watoto hao walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ilisema ni wakimbizi. Bila kitambulisho mtu hawezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kupata kazi rasmi, wala kupita kizuizi cha barabarani kwa amani.

Mwaka 2019 kamati ya serikali ilihakiki maelfu ya watu, ila vitambulisho vimetoka kwa kuchelewa sana na si kwa wote. Ukiwa katika hali hii, kusanya cheti chako cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na ndugu, na vyeti vya shule, pata barua ya chifu, kisha uwaone wasaidizi wa sheria walioko Garissa kabla hujakwenda ofisi ya usajili. Usikubali kusafiri kwa kadi ya mkimbizi kwa kuwa ndiyo uliyonayo. Inaweza kutumiwa kama ushahidi dhidi ya uraia wako. Na kama una mdogo wako ambaye hajafikisha miaka 18, anza kufuatilia jina lake sasa.